Kipande Kilichobaki Ukutani

Jumamosi, 1 Machi

Shajara hii nilipewa kiwandani mwezi Januari, siku ya kuniaga, pamoja na saa ya ukutani. Kwenye jalada kuna picha ya mfuko wa saruji. Miezi miwili sikuandika kitu kwa sababu hapakuwa na kitu. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa msimamizi wa zamu, simu ikinifuata mpaka msalani. Sasa hailii. Ikilia, ni kampuni ya simu inaniuliza kama nataka wimbo mpya. Sikujua kwamba mtu anaweza kutamani kelele kiasi hiki, na nimeona haya hata kumwambia mke wangu.

Leo nina la kuandika. Nimenunua banda la ndege huko Kajiado, lililokwisha kutumika, la kuzalishia wale kasuku wadogo ambao watu huku huwaita baji. Nilifika kwa mwenye banda, Mzee Kisemei, saa tatu asubuhi na pikapu ya kukodi, nikitarajia kuondoka saa nne. Kwanza nikaonyeshwa ng'ombe. Kisha chai. Kisha akataka kujua baba yangu alizaliwa wapi, kama Bungoma kumenyesha, na kama babu yangu alikuwa na ng'ombe, na wa rangi gani. Kila nikitaja banda ananiongezea chai. Dereva wa pikapu alilala. Saa saba mzee akasimama, akasema, "Haya, twende tuone hiyo nyumba ya ndege," kana kwamba wazo limemjia sasa hivi.

Banda ni la binti yake Seleyian, mwalimu, aliyehamishiwa Illasit mwaka huu. Ndege wake waligawiwa marafiki, akabaki jike mmoja wa buluu, kichwa cheupe, na macho ya mtu anayekudai maelezo. Nikauliza bei yake.

"Hiyo siuzi," mzee akasema. "Hiyo nakupa."

"Basi nikuongezee kitu kidogo hapo kwa banda."

"Nimesema nakupa."

Alimtia kwenye katoni mwenyewe, akaniwekea magotini ndani ya pikapu, akanishika mkono kwa muda mrefu kuliko biashara inavyohitaji. Nadhani alikuwa akingoja niseme jambo. Nilisema asante. Njia nzima mpaka Kitengela nilijiuliza ningesema nini kingine.

Jumapili, 2 Machi

Banda lina vipande kumi na vinane vya chuma na wavu wa waya. Jana tulipolibomoa sikuweka alama hata kipande kimoja. Mimi, niliyewahi kumrudisha kijana wa zamu nyumbani kwa sababu hakuandika namba kwenye pipa. Nimevitandaza uani na kuviangalia. Vyote vinafanana.

Dolphine, mke wangu, ametoka kanisani, akavua viatu mlangoni, akavitazama pamoja nami. Yeye ni muuguzi na bado ana kazi, kwa hiyo ana haki ya kucheka.

"Baba Melvin, umemaliza kusimamia watu, sasa unasimamia vyuma?"

Jike wa buluu yuko kwenye katoni jikoni, anatafuna katoni.

Jumatatu, 3 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi simu imelia. Nilikimbia nayo uani nikiwa na soksi moja.

"Pandege, umeamka?"

Nikamwambia amekosea namba. Akakata. Baada ya dakika moja ikalia tena. "Ni Kisemei, wa Kajiado. Mgongo wa nyumba upee upepo. Mlango uangalie jikoni. Hiyo ndege inapenda kuona watu. Iko aje?"

"Iko sawa."

Sijui kwa nini aliniita jina la mtu mwingine wakati anajua naitwa Khisa. Pengine ana wateja wengi.

Ijumaa, 7 Machi

Banda limesimama. Mimi na fundi Kyule tumelijenga mara tatu. Mara ya kwanza mlango ulitokea juu. Mara ya pili paa halikufika. Leo limekaa sawa, lina mabati yake, vijiti vya kutulia na bakuli la maji, lakini kipande kimoja kimebaki. Ni kirefu, kina wavu na bawaba mbili. Kyule amekizunguka kama mtu anayetafuta bei ya ng'ombe, akasema, "Hii walikuongezea tu, mzee." Nimekiegemeza kwenye ukuta wa nyumba. Hakuna kiwanda kinachoongeza kipande bure.

Ningempigia Mzee Kisemei nimuulize. Lakini atajua kwamba sikuweka alama.

Jumamosi, 8 Machi

Nimenunua ndege sita kwa Munguti, anayeuza kuku, njiwa na baji karibu na soko hapa Kitengela. Amenipa somo moja: "Angalia hapo juu ya mdomo. Buluu ni dume, kahawia ni jike. Basi, umesoma." Nimechagua watatu wenye pua ya buluu hafifu na watatu wenye pua ya kahawia. Pamoja na yule wa Kajiado, madume watatu na majike wanne. Nimeandika kwenye kadi nikaitundika mlangoni mwa banda.

Jumatatu, 10 Machi

"Pandege, umeamka?" Sasa nimeacha kumsahihisha. Tumeongea juu ya mvua ambayo haijafika. Akauliza, "Ile yetu iko aje?" Iko sawa. Hajauza kitu, hajanunua kitu, hajaomba kitu. Dolphine ameniuliza huyo ni nani kila Jumatatu alfajiri. Nikamwambia ni mtu wa banda. "Banda limeharibika?" Hapana. "Sasa anataka nini?" Sijui.

Jumatano, 19 Machi

Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Udongo wa hapa ni ule mweusi, ukilowa unafura na kuinua chochote kilichokaa juu yake. Banda limeinama upande wa choo. Mlango haufungi, nimeufunga kwa kamba ya kiatu.

Jumanne, 25 Machi

Nimeweka masanduku manne ya kutagia. Nimekaa kwenye kiti nikingoja mapenzi. Hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Jumamosi, 29 Machi

Kuna jambo sielewi. Dume mmoja, yule wa kijani, pua yake imeanza kuwa na doa la kahawia. Nimefuta miwani. Bado lipo. Nimemwita Dolphine, ametazama akasema ni la kahawia kabisa, tena wa pili naye ameanza.

"Unaweza kumpeleka kliniki kwako?" nikamuuliza.

"Nimwandikie nini kwa kadi?"

Jumatatu, 31 Machi

Simu ya alfajiri. "Ile yetu iko aje?" Iko sawa. Haikuwa sawa. Jana yule jike wa buluu aliingia sanduku la mwenzake akamtoa kwa mguu, damu ikamwagika kwenye kijiti. Leo amerudia. Ana masanduku matatu ya kuchagua na anataka lile lenye mtu. Banda limeinama tena.

Jumatano, 2 Aprili

Madume wangu wote watatu wana pua za kahawia. Kadi ya mlangoni nimeing'oa.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda kwa Munguti na matope mpaka magotini. Amecheka akashika kaunta. Kumbe jike mchanga naye ana pua ya buluu, ile hafifu iliyopauka, na akikomaa inageuka kahawia. Dume mchanga pua yake ni ya waridi. Hili la waridi hakunifundisha. Nimekaa mwezi mzima nikingoja majike saba wazae.

"Leta majike wanne nikupe madume watatu, tumalizane," akasema. "Na usiniletee wale wapole. Niletee mkorofi. Kuna watu wanataka ndege mmoja tu wa kuweka dirishani, mkorofi akikaa peke yake anakuwa malaika."

Nilifikiri kwa dakika mbili hivi. Yule wa buluu alikuwa amemuuma mwenzake wa pili asubuhi hiyo hiyo. Nikarudi, nikawakamata wanne naye akiwemo. Alinitoboa kidole gumba. Munguti alipompokea alimgeuza kidogo na kusema, "Huyu hata doa moja la kooni amepoteza, ana matano. Wengine wana sita." Kwangu hilo lilikuwa kasoro ya mzigo tu.

Jioni banda lilikuwa kimya. Dume wa manjano alimlisha jike wa kijani mdomoni. Nimefurahi sana, niseme ukweli. Jozi tatu, kama inavyotakiwa.

Jumatano, 9 Aprili

Sina hamu ya kula. Nitaandika jinsi ilivyokuwa.

Saa nane mchana simu imelia, namba nisiyoijua. Alikuwa Seleyian, yule binti wa Mzee Kisemei, kutoka Illasit. Ana sauti ya mwalimu, unajikuta umekaa wima. Alitaka kujua banda linaendeleaje.

"Na baba anakuitaje siku hizi?"

"Ananiita Pandege. Nilidhani ananichanganya na mtu."

Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Hiyo ameunda mwenyewe. Hapa kwetu, kwa Kimaa, ukipea mtu kondoo, mnaitana paker. Ukimpea mbuzi, mnaitana pakine. Jina la kawaida linaisha, mnaitana hivyo mpaka mmoja akufe. Sasa ya baji haikuwa, ndio akaunda ya kwake, pa na ndege. Unajua yeye hapeani ovyo. Ako na watu wawili tu wa kuitana hivyo, na mmoja alizikwa mwaka jana."

Nilikuwa nimesimama mbele ya banda, natazama kijiti alichokuwa akikalia yule wa buluu.

"Basi mzee akiamka anafikiria ng'ombe, halafu wewe," akasema. "Mnyama wa kupewa hivyo hauzwi wala habadilishwi, lakini hiyo unajua."

Nikasema najua.

Nimekwenda kwa Munguti nusu nikikimbia. Jike wa buluu aliondoka siku ile ile ya Jumamosi. Alichukuliwa na mama mmoja, kuelekea Isinya, anadhani. Jina hakuuliza. "Ni ndege, mzee. Siandiki vitambulisho."

Mtu pekee anayenipigia simu bila shida yoyote, kumbe kuna sababu, na sababu hiyo nimeibadilisha kwa dume wa manjano.

Alhamisi, 10 Aprili

Dolphine anasema, "Mwambie tu." Ni rahisi kwake, kila siku anawaambia watu mambo mabaya.

Jumatatu, 14 Aprili

"Ile yetu iko aje?"

"Iko sawa."

Yai la kwanza, kwa jike wa kijani. Sikumwambia.

Jumanne, 22 Aprili

Jana aliniambia atakuja. Mei mosi anapeleka ng'ombe wawili Kitengela, akimaliza atapita "kuona ile yetu." Alisema kwa furaha. Nimetembea Isinya siku nzima kwenye mvua nikiuliza kama kuna mtu aliyemwona ndege wa buluu. Watu wamenipisha njia kwa heshima, kama mgonjwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimefanya jambo.

Munguti amepata jike wa buluu, kichwa cheupe, umri ule ule. Nimemchukua. Nikamweka kwenye mwanga wa dirisha nikamkagua kama nilivyokuwa nikikagua mifuko: rangi sawa, mkia sawa, kucha sawa. Ana madoa sita kooni. Nimechukua kibanio cha nyusi cha Dolphine, nikang'oa unyoya mmoja. Sasa ana matano.

Nikamwambia Dolphine kwamba mtu mwenye ng'ombe wengi vile hawezi kukumbuka ndege mmoja. Akanitazama, akachukua kibanio chake, akakiosha.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua ilisimama alfajiri. Mzee Kisemei amefika saa tano na galoni ya maziwa, koti la suti na gambuti. Alinisalimia kwa Kimaa, akangoja, akajijibu mwenyewe. "Pandege, kwako kuna matope kuliko kwangu," akasema. Alikuwa mchangamfu. Alimsifu Dolphine kwa maua yake ambayo yamezama.

Tukaenda kwenye banda. Nilikuwa nimejiandaa, nikaanza kumwonyesha yote kwa mpangilio: masanduku, mayai, jozi, mfereji niliochimba ili maji yasisimame. Alikuwa akiitikia. Mwisho nikanyoosha kidole. "Na ile yetu ndiyo ile pale. Na madoa yake matano."

Mzee akamtazama ndege. Haikuchukua hata muda wa kupepesa jicho. Kisha akanitazama mimi, na hapo alichukua muda mrefu. Kisha akatazama ukutani, kwenye kile kipande kilichobaki, ambacho sasa kina kutu.

"Na hii?"

"Hicho kilizidi, mzee."

"Ilizidi," akasema.

Sikuelewa kwa nini alilirudia neno hilo. Aliingia ndani, akanywa chai vikombe viwili, akamuuliza Dolphine juu ya malaria na juu ya mwanetu Melvin aliyeko chuoni. Alikuwa mpole kabisa. Nikaanza kupumua. Niliwaza kwamba nimefaulu, na kwamba si mbaya sana, kwa sababu hakuna aliyeumia.

Nilimsindikiza mpaka getini. Alinipa mkono, mfupi.

"Asante kwa chai, Bwana Khisa," akasema.

Nimesimama getini mpaka Dolphine alipokuja kuniuliza kama nimeona nyoka.

Jumatatu, 5 Mei

Simu haikulia. Kifaranga wa kwanza ameanguliwa. Ni kama punje ya harage yenye kelele.

Jumatatu, 12 Mei

Haikulia.

Jumatatu, 19 Mei

Haikulia. Nilikaa nayo jikoni kuanzia saa kumi na moja. Dolphine alinimiminia chai na kuniacha. Vifaranga ni saba. Wakati mwingine wowote ningempigia kila mtu.

Najiuliza alijuaje. Rangi ilikuwa sawa. Madoa yalikuwa sawa. Nimerudia ukaguzi mara nne na sioni kasoro. Hilo ndilo linalonichanganya kuliko hata aibu.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua imekwisha. Ardhi inapasuka na banda limerudi kuinama upande wa pili.

Jumanne, 10 Juni

Munguti amekumbuka. Yule mama alikuja kwa gari la manjano lenye watoto. Basi ni shule. Isinya nimeingia shule tatu, na ya tatu ni ya chekechea, vyumba viwili vya mabati. Kabla ya kubisha hodi nilisikia sauti ya kukwaruza.

Alikuwa dirishani, kwenye kitundu kidogo, anatafuna pembe ya chati ya alfabeti. Jina lake siku hizi ni Malkia. Nilikuwa nimesahau macho yale. Wakati huo huo nilijua, bila kuangalia madoa, na nikashangaa kwamba niliwahi kudhani yule mwingine anafanana naye.

Mwalimu wao, Madam Nalangu, mwenye khanga mabegani, alinisikiliza hadithi nzima bila kucheka. Ilipofika kwenye kibanio cha nyusi akafunika uso kwa daftari.

"Ulibadilisha mnyama wa kupewa," akasema.

"Sikujua."

"Na ulipojua?"

Aliwaita watoto akawauliza kama wangependa wawili wanaopendana badala ya mmoja anayeuma. Walikubali, isipokuwa msichana mmoja aliyelia, na Madam akanifanya nimwombe msamaha yeye mwenyewe. Nilichuchumaa nikamwomba. Baadaye nikapeleka jozi yangu ya manjano na kijani, ndio waliotaga kwanza, vifaranga wao wakiwa wamekwisha kuanza kula wenyewe.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda Kajiado na ndege wawili kwenye katoni, kila mmoja na upande wake: jike wa buluu, na kifaranga wangu mmoja wa kijani ambaye amemaliza kuota manyoya.

Mzee Kisemei alikuwa zizini akimkagua ndama mguu. Hakushangaa kuniona. Nikaanza kusema nikiwa bado nimesimama nje ya uzio. Nilisema yote, kuanzia pua za buluu mpaka kibanio. Nadhani nilipaza sauti, kwa sababu mke wake alitoka jikoni akasimama mlangoni.

Nilipomaliza akafungua katoni, akamtoa jike wa buluu. Ndege hakumuuma.

"Amekonda," akasema. Kisha, "Uling'oa doa?"

"Nililing'oa."

"Alikuwa na madoa?"

Nikamwonyesha kooni. Akainama, akahesabu kwa ukucha, akasema kitu kwa Kimaa kwa mke wake, mama naye akarudi jikoni akitikisika mabega.

"Sikuwahi kuona hiyo madoa," mzee akasema. "Mimi naangalia vile mnyama ananiangalia. Hiyo yako ya Mei mosi ilinipita na macho kama mgeni. Hii ingekuja kwa waya inigombeze."

"Mbona hukusema kitu?"

"Niseme aje, na mama amenipikia chai? Siwezi kuaibisha mtu kwake, mbele ya bibi yake." Akamrudisha ndege ndani ya katoni taratibu. "Na ile kitu imesimama kwa ukuta. Hiyo ni ya huyu. Seleyian alitengenezesha kwa ajili yake. Unaitia katikati, yeye anakaa upande moja na bwanake, wengine upande ingine. Hiyo bawaba unapachika kwa nguzo ya kati. Bila hiyo ataua mtu. Nilipoiona kwa ukuta nilijua huna shida ya kumtenga. Kwa hivyo hayuko."

Simu moja. Ningepiga simu moja tarehe saba Machi, nikasema mzee, kipande kimebaki, ni cha nini.

Nikamwomba ampokee ndege wake. Akakataa. "Nilitoa. Kitu nimetoa hairudi hapa." Nikampa kifaranga wa kijani. Huyo alimpokea kwa mikono miwili, akamtazama usoni kwa muda, kama anavyomtazama ndama. Nilipewa chai. Tuliongea juu ya nyasi. Nilingoja. Mpaka naondoka hakuniita Bwana Khisa, lakini lile jina lingine hakulitaja pia. Alisema tu, "Safari njema."

Kwa hiyo sijui. Nimerudi nyumbani nikiwa sijui kama nimesamehewa au nimenyweshwa chai tu, na kwa watu hawa vitu hivyo viwili vinafanana sana.

Jumapili, 15 Juni

Nimekipachika kile kipande. Nguzo ya kati ina matundu mawili ambayo kwa miezi mitatu nilidhani ni ya kutu. Bawaba zimeingia bila nyundo. Jike wa buluu yuko upande wake na dume mmoja aliyeshikwa na woga, wanatazama jikoni.

Dolphine amesimama nami tukitazama. "Sasa mbona bado una sura hiyo?"

"Hakuniita."

"Nani?"

"Mzee. Hakuniita lile jina."

Akafikiri. "Wewe humwita nani?"

"Mzee. Mzee Kisemei."

Amekwenda kuanika nguo. Mimi nimekaa na shajara hii nikaisoma tangu mwanzo, Machi yote, Aprili yote. Jibu nimelipata hapa, tarehe tisa Aprili, kwa mwandiko wangu mwenyewe, maneno ya Seleyian: mnaitana. Hakusema atakuita. Kila Jumatatu alikuwa akisema jina hilo na kungoja, na mimi nilikuwa nikimjibu habari za mvua. Hata siku ile ya kwanza, akiwa amenishika mkono, alikuwa akingoja. Kabla hata sijambadilisha yule ndege, nilikuwa nimekwisha kumwacha mzee wa watu akiita peke yake.

Jumatatu, 16 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi nimekwenda uani na soksi zote mbili, nikapiga mimi. Ililia mara tano.

"Hallo," akasema.

"Pandege," nikasema. "Umeamka?"

Nilisikia ng'ombe, na mtu akifungua lango la mbao. Nilitazama salio nikidhani simu imekatika.

"Nimeamka, Pandege," akasema. "Ile yetu iko aje?"

Nikageuka kuitazama. Ilikuwa kwenye waya, imetushikilia macho, mimi na simu yangu, inagomba.

"Iko sawa," nikamwambia.